Sehemu ya 14: Nani bora wa tenisi ya wanawake? Jibu la nesi

Niliahidi leo tumalizie mambo ya kunyonyesha, lakini naomba mnisamehe, hayo tutayamaliza Jumatano. Leo nina la moyoni, na limeanzia kwenye tenisi. Ndiyo, tenisi. Usipite mama, kaa hapo hapo. Nawe baba ambaye mkeo amekutumia hii, soma tu.

Jumapili sikuwa zamu. Nyumbani kwetu ubishi wa kawaida ni Simba na Yanga, lakini siku hiyo kwenye televisheni walikuwa wanarudia mechi za zamani za tenisi. Baba watoto, mdogo wangu wa kiume na shemeji yangu wakakaa pale, wakaanza: ni mwanamke gani bora kuliko wote waliowahi kushika raketi? Mimi niko pembeni nakunja nguo za watoto. Mdogo wangu akasema Serena Williams, hakuna mjadala. Baba watoto akasema Steffi Graf, na huyu akishasema amesema. Shemeji, ambaye kazi yake ni kukaa upande ambao hauna mtu, akatoa simu na kutangaza kwamba hesabu haina upendeleo, bora ni Margaret Court.

Kwa mama ambaye hafuatilii, nieleze kidogo. Kila mwaka kuna mashindano makubwa 4: Australia, Ufaransa, Wimbledon kule Uingereza, na Marekani. Watu wakibishana kuhusu tenisi, wanahesabu haya. Court wa Australia ana mataji 24 ya mchezaji mmoja mmoja. Serena wa Marekani ana 23. Graf wa Ujerumani ana 22. Martina Navratilova ana 18, lakini ukijumlisha na yale ya wachezaji wawili wawili anafika 59, kwa hiyo naye ana watu wake.

Na kila mmoja ana sababu. Graf mwaka 1988 alichukua yote manne na juu yake dhahabu ya Olimpiki kule Seoul, yote ndani ya mwaka mmoja. Kwa mchezaji mmoja mmoja, hakuna mwingine aliyefanya hivyo, mwanamke wala mwanamume, na hapo baba watoto alisimama kabisa kama anapokea kombe yeye. Mdogo wangu akajibu kwamba kati ya mataji 24 ya Court, 11 ni ya Australia kwao, wakati ambapo wachezaji wengi wakubwa hawakuwa wakisafiri hadi huko. Tena 13 aliyapata kabla ya 1968, wakati wachezaji wa kulipwa walikuwa hawaruhusiwi kuingia. Shemeji akasema, "Aliyemkataza mtu kusafiri ni nani?" Mnajua ubishi wa wanaume.

Nikaweka nguo chini. Nikawaambia, ninyi mmesahau swali moja. Kati ya mataji hayo yote, ni mangapi yalichukuliwa na mtu aliyekwisha kujifungua?

Kimya. Kisha baba watoto akasema hilo si swali la tenisi. Nikamwambia ni la tenisi kabisa. Uwanjani mtu anacheza na mwili, na miili iliyotoka kujifungua mimi naiona kila siku ya Mungu. Najua mama anavyoshuka kitandani siku ya pili baada ya operesheni, mkono mmoja kwenye kidonda, mwingine unatafuta ukuta. Mwambie huyo akimbilie mpira.

Shemeji akaingia kwenye simu. Graf, sifuri, aliacha tenisi mwaka 1999 na mtoto wa kwanza akaja 2001. Serena, ambaye ndiye niliyetaka kumtetea, naye sifuri. Yote 23 aliyapata kabla. Court je? Alijifungua 1972, na mwaka uliofuata, 1973, akachukua Australia, Ufaransa na Marekani. Matatu kwa mwaka mmoja, ana mtoto wa mwaka mmoja! Shemeji alicheka hadi akakohoa. Swali langu mwenyewe likanipiga kofi.

Na sitawaficha, wapo wengine. Evonne Goolagong, Mwaustralia wa asili, alishinda Wimbledon mwaka 1980 akiwa na binti wa miaka mitatu. Kim Clijsters wa Ubelgiji aliacha mchezo, akajifungua mapema 2008, akarudi na kuchukua Marekani mwaka 2009, tena 2010, halafu Australia 2011. Picha za kitoto chake kikitembea uwanjani na kombe, ukizitafuta utazipenda. Kwa hiyo kama swali ni mama gani ameshinda zaidi baada ya kuzaa, Serena hayumo kabisa.

Ila mimi bado nampa Serena, na sababu ni usiku mmoja wa wodini.

Januari 2017 Serena alishinda Australia bila kupoteza hata seti moja, akiwa na mimba ya kama wiki nane. Kwenye fainali alimfunga dada yake, Venus. Mimi mimba ya wiki nane nilikuwa natapika hadi maji. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo akajifungua mtoto wa kike kwa operesheni ya dharura, baada ya mapigo ya moyo ya mtoto kushuka. Kesho yake pumzi ikaanza kumkatika. Huyu ni mtu aliyewahi kupata mabonge ya damu kwenye mapafu mwaka 2011, anajua kinavyoanza. Pia dawa yake ya kuzuia damu isigande ilikuwa imesimamishwa kwa sababu ya operesheni. Akatoka chumbani ili asimtie mama yake wasiwasi, akamfuata nesi wa karibu, akamwambia huku akihema: nahitaji kipimo cha CT na dawa ya heparini, sasa hivi.

Yule nesi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya.

Serena akang'ang'ania. Akapimwa kwanza miguu kwa mashine ya ultrasaundi, hakuna kitu. Alipopelekwa CT, mapafuni mkakutwa mabonge madogo kadhaa ya damu. Akaanza dawa. Halafu kikohozi kikafungua kidonda cha operesheni, akarudishwa chumba cha upasuaji, damu nyingi ikakutwa imejikusanya tumboni, akawekewa na kichujio kwenye mshipa mkubwa ili mabonge mengine yasipande mapafuni. Alipotoka hospitali, wiki sita za mwanzo alikuwa mtu wa kitandani. Haya ameyaeleza mwenyewe hadharani, zaidi ya mara moja.

Nilipomaliza kuwasimulia, baba watoto aliuliza kitu ambacho sikukitegemea. Hakuuliza kuhusu Serena. Aliuliza, "Ungekuwa wewe ndiye huyo nesi, ungemsikiliza?"

Nikachukua nguo zangu nikaingia ndani. Sikumjibu. Ninawajibu ninyi.

Miaka kadhaa iliyopita, zamu ya usiku, tulikuwa wachache na wodi imejaa. Kulikuwa na mama aliyejifungua kwa operesheni, siku ya tatu. Akaniita, "Sista, pumzi haijai." Hivyo tu, kwa sauti ndogo, kama anaomba radhi kwa kunisumbua. Nikamwambia ni gesi, baada ya operesheni inatokea, lala kiubavu, jaribu kutembea kidogo kukikucha. Sikumshika hata mkono kuhesabu mapigo. Nilikuwa na dripu mbili zinazoisha upande wa pili. Kwenye faili niliandika kwamba analalamika uchovu. Yeye hakusema uchovu, hilo neno ni la kwangu.

Baadaye mama mkwe wake, aliyekuwa amelala kwenye kanga chini ya kitanda, alinifuata mezani. Hakunisalimia. Akasema, "Wewe binti, njoo umwangalie mwanangu." Nikaenda kwa kukereka, na hilo nalikiri. Nilipofika mapigo yalikuwa yanakimbia, midomo imebadilika rangi, mguu wa kushoto umevimba kuliko wa kulia. Tukamwita daktari wa zamu, tukamweka kwenye oksijeni, akaanzishiwa dawa. Alipona. Mtoto alipofikisha wiki sita alikuja kliniki kwa chanjo, akanishika mkono akasema, "Sista, asante kwa ule usiku." Nikaitikia, "Karibu mama." Sikumwambia kwamba wa kushukuriwa ni mama mkwe.

Ndiyo maana mimi siwezi kumhesabu Serena kwa mataji peke yake. Mwanamke tajiri, anajulikana dunia nzima, anaujua ugonjwa wake kwa jina na dawa yake kwa jina, na bado ilibidi abishane na nesi huku pumzi inakatika. Mama yule wa wodini kwangu alikuwa na sentensi moja tu, "pumzi haijai," nami nikaitupa.

Hapa naomba nivae gauni la kazi kidogo. Ukiwa mjamzito, damu yako huganda kwa urahisi zaidi, ni mwili unajiandaa usipoteze damu nyingi siku ya kujifungua. Hali hiyo haiishi siku unayotoka wodini. Hatari ya damu kuganda iko juu zaidi ndani ya wiki sita za kwanza baada ya kujifungua, na inaongezeka kama ulifanyiwa operesheni, kama umelala muda mrefu bila kutembea, au kama umewahi kuganda damu zamani. Mguu mmoja, hasa sehemu ya nyuma chini ya goti, ukivimba, ukiuma au ukawa wa moto kuliko mwenzake, usiukande na maji ya moto, nenda hospitali. Pumzi ikikatika ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, ukikohoa damu, moyo ukikimbia bila sababu au ukahisi kuzimia, nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Na ukifika, taja neno: "Nimejifungua wiki tatu zilizopita, naogopa damu imeganda mapafuni." Nesi akikuambia ni uchovu, mwambie akupime mapigo na oksijeni kwanza, uchovu mtauongea baadaye. Hata nesi huyo akiwa mimi.

Turudi uwanjani. Serena alirudi mashindanoni Machi 2018, akaingia mashindano ya Ufaransa mwezi Mei akiwa kwenye nafasi ya mia nne na hamsini na kitu duniani. Alipoondoka kwenda kuzaa alitoka kuwa namba moja. Pale Ufaransa alivaa vazi jeusi la kubana mwili mzima, watu wakaongea weee, kumbe kubanwa kule kulikuwa kunasaidia damu yake itembee. Mwisho wa mwaka huo chama cha wachezaji wa kike kikabadilisha kanuni, mchezaji aliyejifungua akaruhusiwa kuitumia nafasi yake ya zamani kuingia mashindanoni hadi miaka 3 tangu mtoto azaliwe.

Julai 2018, mtoto akiwa na miezi kumi, alikuwa kwenye fainali ya Wimbledon. Akafungwa na Angelique Kerber. Septemba, fainali ya Marekani, akafungwa na Naomi Osaka. 2019, Wimbledon tena, Simona Halep. Marekani tena, Bianca Andreescu, binti wa miaka 19. Fainali nne, hakupata hata seti moja. Taji moja tu kati ya hayo lingemfikisha 24 alingane na Court, na lile la 24 ndilo dunia nzima ilikuwa inalisubiri kila akiingia uwanjani.

Baba watoto akasema, "Yaani unampa ubingwa kwa fainali alizopoteza?" Ndiyo, nampa. Na mwaka 2022 alipoaga, akielekea miaka 41, aliandika kwamba angekuwa mwanamume asingelazimika kuchagua, angeendelea kucheza huku mke wake ndiye anabeba kazi ya kuongeza familia. Alitaka mtoto wa pili. Akampata 2023, binti tena. Ile 23 imeishia pale kwa sababu hiyo, na hesabu ya shemeji haina safu ya kuiandika.

Shemeji bado ni Court, na kwa 1973 yake simlaumu hata kidogo. Baba watoto bado ni Graf, jana usiku amenitumia tena video ya 1988 nikiwa kazini. Niambie wewe uko kwa nani. Na kama uko ndani ya wiki sita, kabla hujaandika chochote, nyoosha miguu yote miwili uitazame.