Tafadhali ya Damascus

Nilipowasili Damascus mwaka 2008 kusoma Kiarabu, nilikuwa na shahada ya kwanza, kamusi nzito na kiburi cha Mswahili aaminiye kwamba Kiarabu ni lugha ya wajomba zake. Kitabu, wakati, dakika, habari, sababu: nusu ya kazi, nilijiambia, nimekwisha kuimaliza nyumbani.

Nilipanga chumba kwa familia moja ya Kikristo katika mtaa wa Bab Touma, ndani ya mji wa kale. Kwa nje nyumba ilikuwa ukuta mtupu. Kwa ndani palikuwa na ua wenye birika la maji na mdanzi mmoja, vyumba vikiuzunguka. Mama wa nyumba nilimwita khalti, yaani mama mdogo.

Jioni ya kwanza, mezani, niliinua bilauri tupu nikamwambia kwa adabu zote za kwetu: “Tafaddali, maa.” Meza nzima ikaangua kicheko. Kwetu tafadhali ni neno la mwombaji. Kwao ni la mwenye nyumba anayekaribisha: ingia, keti, kula. Mimi, mgeni wa nusu siku, nilikuwa namkaribisha mama yule maji ya nyumba yake. Tangu hapo kijana wao mkubwa, rika langu, kila alipotaka nimsogezee chumvi alisema “tafadhali” kwa maana ya Kiswahili, na kila mara walicheka upya.

Chuoni tulifundishwa fusha, Kiarabu cha vitabu na taarifa ya habari. “Nataka” ya darasani ni uridu. Ya kwa muuza mikate ni biddi. Mtu akienda Kariakoo kuuliza bei ya nyanya kwa Kiswahili cha tenzi, atatazamwa kama nilivyotazamwa mimi. Kiarabu cha kuishi nacho nilikipata jikoni, nikichambua mlenda, ambao wao huuita mulukhiyya na huuheshimu kuliko sisi. Ramadhani ilipofika, khalti, Mkristo yule, ndiye aliyenigongea mlango nisipitwe na daku.

Sitaki kuipamba Damascus. Zaidi ya mara moja niliitwa abd barabarani, yaani mtumwa, na si kwa maana ya mtumwa wa Mungu. Nyumbani hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Pengine ulikuwa ukarimu wao. Pengine ulikuwa mpaka wake.

Vita vilianza mwaka 2011. Kufikia 2013 makombora ya mota kutoka viunga vya mashariki yalikuwa yakianguka Bab Touma. Usiku mmoja wa mwaka huo kijana yule alinipigia simu, akauliza kama ipo njia ya kufika kwetu: chuo, kazi, chochote. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, “Tafadhali.” Safari hii hakuna aliyecheka.

Nilimjibu kwa maneno mengi mazuri. Viza, taratibu, barua ya mwaliko, nitaulizia. Niliulizia kweli, katika ofisi moja, nikaambiwa nilete barua, sikuipeleka. Nilikuwa namalizia tasnifu ya uzamivu, na hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Darasani huwaeleza wanafunzi wangu, kwa fahari, kwamba nchi yetu iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wenye asili ya Burundi, wale waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na watoto wao. Habari ya simu ile sijawahi kuwaeleza.

Mwaka 2015 alivuka bahari kutoka Uturuki hadi Ugiriki kwa boti ya mpira, akafika Ujerumani. Mama yake alikataa kuondoka, na hadi leo yuko Bab Touma. Tulipozungumza mara ya mwisho kijana alinisimulia, kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani, kwamba Wajerumani wana neno moja tu, bitte, la kuomba na la kukaribisha. Kisha akauliza ni lini nitakwenda kumtembelea. Bado sijampa tarehe.