Kojani: Kujifunza Upya Kutembea Ukingoni mwa Mkondo

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemuumba mwanadamu akampa miguu miwili, na pengine humpunguzia nguvu za mmoja ili apate kuijua thamani ya yote miwili.

Mwezi wa Oktoba 2023 tulianguka kutoka kwenye bodaboda, na mfupa wa muundi wa mguu wa kulia ukavunjika. Tulikaa na plasta kwa wiki nane. Ilipotolewa, tulitazama mguu uliokonda, mwepesi, kana kwamba tumeazimwa kwa mtu mwingine. Mfupa umeunga, tukaambiwa, lakini misuli imelala. Dawa yake ni kutembea, kidogo kidogo, kila siku, mahali patambarare.

Lililotuumiza zaidi lilikuwa la msikitini. Sisi ndio tulioandika, katika muhtasari wa kikao cha kamati, ombi la kununua viti sita kwa ajili ya wazee wasioweza kusujudu. Hatukujua kwamba kimoja kitakuwa chetu, nasi tungali katika miaka ya thelathini. Chuoni tulisoma Hadithi ya Imran bin Huswain (R.A.) aliyoipokea Imam Bukhari, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) alimruhusu mgonjwa aswali kwa kukaa akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kukaa. Tulikuwa tukiwafundisha wengine rukhsa hiyo kwa ufasaha. Tulipoihitaji wenyewe tuliiona aibu. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na tuliapa moyoni kwamba tutaswali tarawehe kwa kusimama.

Katika hali hiyo, ami yetu alitutumia ujumbe kutoka Kojani: "Njoo huku kwetu. Mkondo utakufundisha."

Safari ya kuvuka

Kojani ni kisiwa kidogo kilichoko mashariki ya Pemba, katika Wilaya ya Wete. Watu wake wanajulikana pwani nzima kwa uvuvi. Wavuvi wa Kojani huenda dago, yaani hupiga kambi za uvuvi mbali na kwao kwa wiki au miezi, na nyayo zao zimefika Tanga, Mafia na pwani ya Kenya. Ami yetu alikuwa nahodha katika safari hizo mpaka macho yalipodhoofika.

Tulishuka katika bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba, tukapita Chake Chake, kisha tukapanda kaskazini na kuelekea mashariki katika harufu ya karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi. Barabara ilipokoma, ukaanza mkondo wa bahari unaokitenga Kojani na Pemba, wenye mikoko ukingoni. Kuvuka ni kwa muda mfupi tu, lakini kupanda kidau kwa mguu mmoja si jambo dogo. Vijana wawili walitushika mabega, wakatuketisha kama mzigo wa mayai, na mwenye upondo akatusukuma mpaka ng'ambo.

Pemba haina mto mkubwa wa kusifiwa. Kwetu sisi, mkondo huu ndio mto, nao una tabia isiyo ya mito mingine: hutiririka pande mbili. Maji huingia mara mbili na kutoka mara mbili kwa siku, na anayetaka kutembea ukingoni hana budi kuomba ruhusa kwao.

Maji ya bamvua

Tulifika mwanzoni mwa Rajabu 1445, katikati ya Januari 2024, wakati wa joto la kaskazi. Ami hakutuuliza tunataka kutembea saa ngapi. Aliuliza: "Leo mwezi ngapi?" Kalenda ya Hijria, ambayo sisi wa mijini tunaikumbuka kwa funga na sikukuu, kwake ni ratiba ya kila siku.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo, katika visiwa vyetu, maji hujaa kiasi cha saa kumi na hukauka kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo huchelewa kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja mambo hugeuka: maji huwa mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na kukauka huja alasiri. Kwa hiyo wiki ya kwanza tungetembea asubuhi, na ya pili baada ya swala ya Alasiri.

Siku ya kwanza tulitoka saa mbili asubuhi. Nyumba za Kojani zimebanana, na vichochoro vyake vilitulazimisha kwenda kwa kugusa kuta. Tulipotokea ukingoni, maji yalikuwa yamekwisha kurudi nyuma na kuacha mchanga mgumu wenye unyevu, ulio bora kwa mguu mgonjwa kuliko saruji. Ami alitushika mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa na mkongojo.

"Tutakwenda hadi kwenye ule mchu," alisema, akionesha mti mmoja uliojitenga. Ulikuwa mbali kiasi cha kutupa jiwe mara tatu. Tulifika tukiwa tunatweta na jasho likitutoka kama mkimbiaji.

Kupumzika huko ndiko kulikotufumbua macho. Kuzunguka mti, mizizi midogo ilikuwa imechomoza kutoka topeni mamia kwa mamia, imesimama kama penseli. Tope la pwani halina hewa, basi mchu huipandisha mizizi yake juu ikapumue maji yanapopwa. Mkoko una njia nyingine: husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu mingi, kama mtu aliyepewa magongo kumi badala ya mawili. Mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikarefuka mfano wa fimbo ya kijani, kisha huanguka na kujichomeka topeni au kuchukuliwa na maji kwenda kutafuta pengine pa kuishi. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa walikuwa wakilipunga mbele ya mashimo yao. Sululu, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, alikuwa akidonoa topeni. Ndege hao hukimbia baridi ya nchi za kaskazini, hata za Urusi, na kuja kwetu kutafuta riziki. Kiangazi chetu ndicho kimbilio lao.

Surat Aal-Imran inawasifu wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala kwa mbavu zao, na wakatafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Tuliisoma Aya hiyo mara nyingi. Hatukuwahi kugundua kwamba imewataja waliokaa na waliolala pamoja na waliosimama.

Katika kurudi, ami alisema jambo ambalo tulilihakikisha baadaye kwenye ramani. Pemba na Makka zimekaribiana mno katika mstari wa longitudo. Kila moja iko karibu na nyuzi 39.8 mashariki. Hivyo Kibla cha Kojani ni kaskazini kabisa, umbali wa takriban kilomita 2,900. "Ukienda kwenye mchu unaelekea Kibla," alisema, "ukirudi unaelekea nyumbani. Kwa hivyo, mwanangu, hakuna hatua iliyopotea."

Maji mafu

Siku ya nne tulifika kwenye jabali lililopita mchu. Siku ya sita tulikwenda bila ya kushikwa mkono. Basi nafsi ikapata kiburi.

Wiki ya maji mafu ilipoingia, tulitoka peke yetu baada ya Alasiri, tukamwambia ami kwamba tunakwenda karibu tu. Tulilipita jabali. Mbele yake kulikuwa na mashua kongwe iliyopandishwa ukingoni, nasi tukasema: hadi pale. Tulisahau kwamba katika maji mafu ukanda wa mchanga ni mwembamba. Tulikata njia topeni, mkongojo ukazama hadi nusu, na mguu ukasokotwa. Tulikaa juu ya mzizi wa mkoko tukiyatazama maji yakianza kurudi, bila ya haraka na bila ya kelele.

Kinamama waliokuwa wakirejea na ndoo za chaza walituona. Kwa heshima na staha hawakutukaribia. Waliwatuma watoto mbio, na ami akaja na vijana wawili. Usiku ule mguu ulivimba. Tulilala siku mbili, na swala ya kukaa ikawa ya kulala ubavu.

Ami hakutukemea. Aliyesema ni mkewe, tunayemwita mama mkubwa. Siku ya tatu alitupeleka polepole hadi mahali alipofukia makumbi yake topeni. Makumbi ya nazi hufukiwa miezi kadhaa mpaka yalainike, ndipo yafukuliwe, yapondwe, yatoke usumba wa kusuka kamba. Alifukua kumbi moja, akatupa tulichane. Lilikuwa gumu.

"Hili halijawiva," alisema. "Ukilifukua kabla ya wakati wake, unalipata kumbi, usumba huupati. Unarudisha, unafukia, unasubiri. Hulitukani." Kisha akacheka: "Na nyinyi wa mjini mnaita kutembea mazoezi! Mimi njia hii nimeipita miaka arubaini, naiita kazi."

Luqman, katika sura inayoitwa kwa jina lake, alimuusia mwanawe awe wa wastani katika mwendo. Tulizoea kuufasiri wasia huo kuwa ni onyo dhidi ya kujivuna njiani. Mama mkubwa alitufahamisha kwamba kujivuna kuna sura nyingi. Kuna kujivuna kwa anayetembea kifua mbele, na kuna kujivuna kwa mgonjwa anayeona haya kuitumia rukhsa aliyopewa na Mola wake.

Mwezi mpevu

Bamvua la pili lilipofika, tulirudi kwenye mchu kama wanafunzi waliorudishwa darasa. Kutoka hapo tuliongeza hatua chache kila siku, na tulipochoka tulikaa. Ijumaa ya tarehe 26 Januari, sawa na mwezi 14 Rajabu, tulifika kwenye ile mashua kongwe, saa nne asubuhi, mchanga ukiwa umekauka hadi mbali. Ami alikuwa kando yetu. Tuliligusa ubavu wake, tukarudi kuoga kwa ajili ya Ijumaa.

Msikitini tulikaa mwisho wa safu, kiti kikiwa nyuma yetu. Rakaa ya kwanza tuliisimama, tukarukuu, tukasujudu. Goti lililalamika, na machozi yaliyotutoka hayakuwa ya maumivu. Rakaa ya pili mguu ulitetemeka. Tulikivuta kiti tukakaa, na safari hii hatukuona aibu.

Tungependa familia zinazosoma ukurasa huu zichukue jambo moja la vitendo. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Mtu ambaye msikiti uko mwendo wa dakika tatu kutoka kwake, akiuendea kwa miguu katika swala tano na kurudi, hutembea dakika 30 kwa siku, sawa na 210 kwa wiki. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila hatua ya kuiendea swala ni sadaka, na pia ametukataza kuiendea kwa mbio, tuiendee kwa utulivu. Wazee wenye sukari na shinikizo la damu, kinamama baada ya kujifungua, na kila aliyetoka kitandani waanze na mchu wao wenyewe: mti, duka, nyumba ya jirani. Wasitoke peke yao siku za mwanzo. Na anayekwenda ukingoni mwa bahari aulize kwanza mwezi ngapi.

Ramadhani ilipoingia mwezi Machi, tarawehe za mwanzo tulisimama rakaa nne na zilizobaki tukakaa. Katika kumi la mwisho tulisimama nane. Ishirini kamili hatukuzifikia mwaka ule. Ami alipopiga simu kutupa mkono wa Idi, aliuliza tumefikia wapi, tukamwambia: kwenye jabali. Alicheka sana, akasema jabali si haba.

Viti sita bado viko mwisho wa safu. Siku mguu ukikataa, kimoja ni chetu, nasi hukikalia na kumshukuru aliyeturuhusu kukikalia. Wabillahi tawfiq.