Gumegume

Juma lililopita nilizungumza na kijana mmoja, jamaa yangu, ambaye burudani yake ni kupiga shabaha. Bunduki za leo anazijua kwa majina na namba zake. Nilipomuuliza kama amewahi kushika gobori, alicheka. Hajapata kuliona likipigwa, wala miongoni mwa wenzake wa uwanjani hakuna aliye nalo. Nilipomtajia mrao, alidhani nimekosea kutamka neno. Nilipomtajia gumegume, alidhani namtukana mtu.

Sikuweza kumlaumu, maana tusi hilo nami nimewahi kulitumia.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, ndiyo kwanza naanza kutunga. Mume wa dada yangu alikuwa ameachishwa kazi, wakaja kukaa kwetu Muheza. Nikamtungia shairi la kumwita mume gumegume, nikalighani barazani. Watu wakacheka. Shemeji akainamisha uso.

Babu hakucheka. Asubuhi aliniita, akaliteremsha ukutani gobori alilorithi kwa baba yake, alilokuwa akifukuzia nguruwe mwitu shambani. Akapima baruti, akaimimina mdomoni mwa mtutu, akatia tambara na risasi, akashindilia kwa mdeki. Kisha akatia baruti kidogo katika kisahani cha ubavuni, akavuta mtambo, akafyatua. Cheche zikaruka, baruti ya kisahani ikawaka, lakini bunduki haikulia. Mimi nikacheka. Babu akafuta kisahani, akazibua kitundu kwa sindano, akageuza jiwe, akatia baruti kavu, akafyatua tena. Mlio ukaitikiwa na milima.

"Umeona, mjukuu wangu?" akasema. "Gumegume si bovu. Linataka mtu wa kulitazama."

Lugha yetu ilizipa silaha hizo majina kwa namna zilivyowashwa. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi unaoungua polepole. Ya gumegume, kwa jiwe linalogonga chuma. Ya fataki, kwa kikofia kidogo chenye dawa inayolipuka kikigongwa. Zote tatu zilishindiliwa mdomoni. Ikaja bunduki ya viasi, inayojazwa kwa nyuma, na mdeki ukakosa kazi. Leo fataki ni mapambo ya angani siku za sherehe. Kushindilia, kwa vijana wengi, ni kula hadi kuvimbiwa. Mrao umesalia kamusini. Gumegume limebaki tusi.

Naona tusi hilo lina historia yake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe ovyo katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mwanya kwa zile za gumegume. Mtawala akashika ya viasi, mtawaliwa akaachiwa ya jiwe. Si ajabu jina la silaha ya mnyonge likawa jina la mtu asiyefaa.

Ughaibuni wapo wanaozienzi. Kamati ya kimataifa ya mashindano ya magobori, MLAIC, iliundwa mwaka 1971, na shindano lake moja la bunduki za mrao huitwa Tanegashima, kwa jina la kisiwa cha Japani ambako Wareno walifika na bunduki hizo mwaka 1543. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilianzisha mwaka 1974 msimu wa kuwinda kulungu kwa gumegume. Hata hivyo, Wamarekani wengi wanaowinda kwa magobori hupendelea yaliyoundwa kisasa, yasiyo na jiwe wala utambi. Kadiri silaha ilivyo kongwe, ndivyo wenye kuishika wanavyopungua, kwani yataka mtu akubali kupiga risasi moja, angoje, na pengine akose hata hiyo moja.

Babu alipofariki, gobori lake tulilisalimisha kituo cha polisi, kama sheria itakavyo. Sililii chuma kile. Chombo cha kuua hakina haja ya kurudi ukutani. Ninachokililia ni maneno yaliyoondoka nacho, na maana njema iliyoondoka na maneno hayo. Shemeji alipata kazi mwaka uliofuata, na ada yangu ya shule akawa analipa yeye. Amefariki nami sijamwomba radhi. Shairi lile la barazani nimelichana. Mahali pake nimeandika ubeti huu:

Babu nimelikumbuka, neno lako gumegume,
Nililitia dhihaka, kumtukania mume,
Baruti ikikauka, jiwe na tulitazame,
Moto wake utawaka, lililolala liseme.