BAGAMOYO: NYUMBA MOJA, SERIKALI NNE

Muulize kijana yeyote wa Dar kwamba Bagamoyo kuna nini, majibu yake unayajua kabla hajafungua mdomo. Bichi, samaki wa kukaanga, muziki, na kama ni msimu wa tamasha pale Chuo cha Sanaa, basi raha mustarehe. Anaondoka asubuhi, anarudi usiku na mchanga bado umo kwenye viatu. Sina ugomvi na bichi hata kidogo. Ila wiki hii nakupeleka mahali ambapo wengi wanapapiga picha kwa nje na kuondoka zao: Ngome Kongwe.

Mimi ni mtu wa Kerege. Kwa nyie mnaopita huku mkiwa mmesinzia ndani ya gari, Kerege ni hapo ukishaziacha Bunju na Mapinga, kabla hujafika Zinga na Kiromo. Huku kwetu ukikaa kijiweni dakika kumi, lazima utasikia habari za ardhi. Nani kapimiwa, nani kalipwa fidia, nani anaambiwa njoo kesho. Tangu miaka ile ya mazungumzo ya bandari kubwa ya Bagamoyo, stori ni hiyo hiyo. Ndipo likanijia swali: hivi hii serikali ya mezani, ya mhuri na foleni, huku pwani ilianzia wapi? Na wazee wetu walikwenda kulia kwa nani?

Jumamosi nikapanda gari nikaenda kutafuta jibu.

NGOME YENYEWE

Ngome Kongwe ni jumba jeupe la mawe, ghorofa moja, hatua chache tu kutoka baharini. Kuta zake ni nene, si mchezo. Nje jua linachoma, ukiingia ndani ni kama umefungua mlango wa friji. Katikati kuna ua, vyumba vimeuzunguka, na ukipanda ngazi hadi juu unaiona bahari yote, na majahazi yake, kama uko kwenye jukwaa la uwanja wa mpira. Aliyekaa huku juu zamani aliona kila chombo kinachoingia kabla chombo hakijamwona yeye.

Haikuanza kama nyumba ya serikali. Ilijengwa mwaka 1860 na tajiri wa Kiarabu, Abdallah Marhabi, na watu wanaihesabu kuwa ndiyo nyumba ya mawe kongwe kuliko zote mjini. Baadaye Sultani Barghash wa Zanzibar akaichukua na kuiimarisha. Wakaja Wajerumani wakaifanya ya kijeshi. Wakaja Waingereza wakaifanya jela. Tukaja sisi wenyewe na Uhuru mwaka 1961, na jela ikaendelea. Iliendelea mpaka mwaka 1974. Ni katika miaka ya 1990 ndipo ikaingia mikononi mwa Idara ya Mambo ya Kale.

Hesabu na wewe: Sultani, Mjerumani, Mwingereza, Mtanzania. Serikali nne ndani ya kuta zile zile.

Wageni wanaofika hapa huondoka na stori ya watumwa, walivyofungwa, na ile njia ya chini kwa chini inayosimuliwa kwamba iliwatoa hadi kwenye majahazi. Ni kweli kwamba ngome ilipojengwa biashara ile ilikuwa halali machoni pa watawala. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Hiyo stori inauma na lazima isimuliwe. Lakini nilisimama mlangoni mwa chumba kimoja nikajiuliza: wale waliofungwa humu mwaka 1950, au 1970, wao mbona hakuna anayewataja? Watumwa hatuwezi tena kuwauliza kitu. Wafungwa wa mwaka 1970 wengine huenda bado wanakunywa kahawa barazani.

BOMA NA KODI NI MAPACHA

Kutoka Ngome unarudi ndani ya Mji Mkongwe kwa miguu, unapita milango ya nakshi na nyumba zilizochoka, hadi unakutana na Boma. Hili sasa ndilo jengo la serikali hasa, maana lilijengwa kwa kazi hiyo. Wajerumani walilijenga mwaka 1897. Ni la ghorofa moja, pana, limeitazama bahari kama bwana mkubwa anayesubiri kusalimiwa. Mvua kubwa za El Niño za 1997-98 ziliangusha sehemu yake, lakini ukilitazama bado unaelewa lilitakiwa kukutisha.

Kumbuka kwamba Bagamoyo ndiyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Na hawakukaa kwa kukaribishwa. Mwaka 1888 pwani nzima iliwaka moto. Bushiri bin Salim aliongoza vita dhidi yao, Bwana Heri wa Saadani naye akawatoa jasho, mpaka Berlin ikamtuma Wissmann na jeshi la kukodi. Bushiri alinyongwa Pangani, Desemba 1889.

Sasa sikiliza hapa, kijana mwenzangu. Mwaka ule ule wa 1897 Boma lilipojengwa, ndio Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba, mwakani yake watu wakaanza kulipishwa. Jengo na kodi ni mapacha. Bunduki zilikuwa zimemaliza kazi yake, sasa ilikuwa zamu ya kalamu. Ukiwa na kibanda chako shamba, unatakiwa uwe na rupia, na rupia huzipati kwa kula muhogo wako. Unakwenda kumfanyia mtu kazi.

Na usidhani yaliisha na Mjerumani. Mwingereza, ambaye aliuteka mji Agosti 1916, naye alitoza. Sisi wenyewe tulikuwa na kodi ya kichwa, ikafutwa, ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena mwaka 2003. Muulize baba yako jinsi watu walivyokuwa wakikimbia mgambo kwa kukosa risiti. Atacheka kwanza, halafu atanyamaza.

MTUMWA ALIYEKUWA LIWALI

Kuna jambo moja lililonifurahisha, nisije nikakuacha na huzuni tupu. Mji huu ulimwona mtu aliyeletwa utotoni kama mtumwa, asili yake Manyema huko Kongo, akawa mwanachuoni mkubwa wa tarika ya Kadiria. Ni Sheikh Yahya Ramiya. Waingereza walipoingia walimfanya liwali wa Bagamoyo. Fikiria, mtu aliyepita mji huu kama mali ya mtu, ndiye watu wenye mashauri wakawa wanapanga foleni mbele yake! Alifariki mwaka 1931, na jina la Ramiya hapa mjini bado lina uzito wake. Ukitafuta mtu wa kutengenezewa filamu, usihangaike na Hollywood, yuko Bagamoyo.

Nje ya Ngome nilimkuta mzee mmoja kivulini, nikamwamkia, "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka kuangalia jela?" Hakusema ngome wala makumbusho. Alisema jela. Nikamuuliza kama anaikumbuka. Akasema utotoni walikatazwa kucheza karibu na ukuta, na wakiwaona wafungwa wanatolewa kwenda kazini, mama zao waliwaita ndani, maana mmoja wao angeweza kuwa mjomba wa mtu. "Aibu ilikuwa yetu sote," akasema, kisha akarudi kwenye kahawa yake.

Ndani sikupata maneno kama hayo. Na hapo ndipo nasema wazi: ngome yetu inawasema vizuri sana watawala wa mbali, Waarabu na Wazungu, lakini ikifika zamu yetu inashika adabu. Siwalaumu wanaoitunza, kutunza mawe ya 1860 pekee ni kazi. Ila kumbukumbu ya jela ya juzi haiwezi kutunzwa kwa chokaa. Ipo vichwani mwa watu, na watu wanaondoka kila siku.

Kwa hiyo ukienda Bagamoyo wikiendi ijayo, bichi yako ile pale pale, haihami. Anza na Ngome asubuhi jua halijakolea, vaa viatu vya kutembelea, lipa kiingilio na udai risiti. Kisha tafuta mzee, mwamkie vizuri, mnunulie kahawa na kashata, umuulize jengo hili lilikuwa nini yeye alipokuwa mdogo. Usimkatize. Simu si unayo? Omba ruhusa, mrekodi. Mimi wa kwangu wa Kerege nimeshaanza naye, na tumefika kwenye habari za viwanja.