Mkonge wa Ukingo wa Manjano

Katika baraza za nyumba nyingi twauona mmea wa jamii ya mkonge, wenye majani manene yaliyosimama kama panga, kijani katikati na manjano ukingoni. Aina hii yaitwa Laurentii, kwa heshima ya Émile Laurent, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, aliyeikuta Kongo.

Mtaani petu mmea huu ulikaribia kuvunja nyumba. Mke mmoja kijana alipewa jani na mama mkwe wake, akalikata vipande, akavipanda mchangani. Baada ya miezi vikachipua. Lakini machipukizi yote yalikuwa kijani tupu. Majirani wakanong'ona kwamba mzee amelifunga jani kwa dawa. Mke akaacha kumwamkia mkwewe, nasi tukaitwa kusuluhisha.

Tuliufukua mmea wa mama mkwe mbele yao wote wawili, tukawaonyesha. Manjano yamo ukingoni tu, ambako chembe za jani hazina rangi ya kijani. Kipande cha jani kikipandwa, chipukizi hutoka katika chembe za ndani, nazo ni za kijani. Bali shina lililo chini ya udongo limebeba rangi zote mbili, na mtoto achipukaye hapo hufanana na mama yake. Ni kama mgomba: hatupandi jani, twapanda mtoto. Ndipo mama mkwe akasema, "Mwanangu, ungeniomba mtoto ningekupa," akamkatia papo hapo.

Basi atakaye kuuzidisha na afanye hivi. Akate mtoto mwenye kipande cha shina kwa kisu safi, aache kidonda kikauke siku mbili au tatu, kisha apande katika udongo uliochanganywa na mchanga, ndani ya mkebe uliotobolewa chini. Asitie maji ila udongo umekauka kabisa; majani yana akiba yake, na maji mengi huozesha mizizi. Auweke penye mwanga. Chipukizi la kijani tupu likitokea, aling'oe, maana hukua kwa nguvu kuliko mengine na kuyasonga. Tena watoto wadogo na mbuzi wasitafune majani, kwani huleta kichefuchefu na kutapika.

Na yafaa sisi sote, kabla ya kumshuku jirani, tufukue kwanza tuone shina.