Si kila mwenye makucha ni mwizi wa vifaranga

Mpenzi msomaji, ukifika Lamu mwezi wa Novemba usitosheke na punda na milango ya nakshi. Panda mashua maji yakiwa yamejaa, vuka hadi kisiwa cha Manda, upenye mkondo wa mikoko mpaka magofu ya Takwa, mji uliohamwa yapata miaka 300 iliyopita. Kisha inua macho.

Ndivyo nilivyofanya asubuhi moja baada ya mvua ya vuli. Kumbikumbi walikuwa wametoka ardhini, na juu ya mibuyu ndege wanne wadogo wa rangi ya majivu walikuwa wakizunguka kwa kasi. Mjukuu wa nahodha wetu akachomoa manati.

"Mwewe hao! Ndio wanaommalizia bibi vifaranga."

Nahodha akamshika mkono. "Ngoja, mjukuu wangu. Tazama mkia kwanza."

Mzee alisema kweli. Mwewe ni mkubwa, rangi yake hudhurungi, mkia una panda, naye huelea polepole akiupinda huku na huku kama usukani. Huyo ndiye anyakuaye vifaranga, na matumbo ya samaki pale gatini. Kipanga ana mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu, hujificha mitini akivizia mijusi. Lakini hawa mabawa yao yalikuwa marefu, yamechongoka kama mundu. Walidaka kumbikumbi kwa makucha na kuwala papo hapo hewani. Hao ni kozi.

Kozi wageni wapitao pwani hii majira hayo wako wa namna mbalimbali. Dume mwenye miguu myekundu na wekundu chini ya mkia ni kozi wa Amur, atokaye Siberia na Uchina kwenda kusini mwa Afrika. Yule wa kijivu mwili mzima, mwenye miguu ya manjano, huzaliana Oman na kandokando ya Bahari ya Shamu wakati wa joto kali, kisha huenda Madagaska. Wetu walikuwa hao. Tangu mwaka wa 2017 kozi huyu amo katika orodha ya ndege walio hatarini duniani.

"Kumbe wametoka Oman, kama majahazi ya zamani?" kijana akauliza.

"Kama majahazi," babu akajibu. "Wala hawana deni la kuku wa bibi yako."

Manati ikarudi mfukoni. Mimi nilinyamaza. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumwangusha kozi kwa jiwe, majirani wakanipigia makofi. Tulipompasua, tumboni mlikuwa na panzi watupu.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa ndege wa angani, ndugu msomaji, hukumu hiyo si ya haki. Tazama mkia, tazama bawa, ndipo uamue.