Kikombe cha Maziwa Daudi

Nilitoka Mtwara, kwenye minazi, nikafika Arusha nimechoka. Kesho yake gari likapita Makuyuni na Mto wa Mbu, likaukwea ukingo wa Bonde la Ufa hadi Karatu. Kutoka hapo njia ya Mbulu inapanda na kushuka kati ya milima iliyolimwa mpaka juu. Niliposhuka mahali paitwapo Daudi ilikuwa saa saba mchana, nami natafuta sweta! Kwetu saa hizo watu wanatafuta kivuli.

Mwenyeji wangu ni mwalimu wa baiolojia, Mwiraqw. Jioni mama yake akanimiminia maziwa yaliyochemshwa, kikombe kimejaa pomoni. "Kunywa, mwanangu, umetoka mbali." Vijana karibu wote wa pale wakanywa, wakaongeza. Mimi nimelelewa kwa tui la nazi; maziwa kwetu ni ya chai. Nilimaliza kwa heshima. Usiku tumbo likaunguruma, nikamaliza betri za tochi kwa safari za chooni.

Asubuhi mwalimu akaanza somo palepale zizini. Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha laktasi kinachovunja sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani kazi ya jeni yake hufifia baada ya kuachishwa ziwa. Lakini DNA inaponakiliwa, herufi moja huweza kukosewa. Zamani mtu fulani wa Afrika Mashariki alipata kosa la namna hiyo, yaani mutesheni, karibu na jeni ya laktasi: G ikawa C, na jeni ikaendelea kufanya kazi ukubwani. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza kuiona herufi hiyo baada ya kuwapima Watanzania, Wakenya na Wasudani 470, waliokunywa maji yenye sukari ya maziwa kisha wakapimwa damu. Imeenea katika miaka kama 7,000 iliyopita, kwa kuwa penye ng'ombe, mtu aliyeweza kunywa maziwa alinufaika. Wazungu nao wana mutesheni yao, nyingine kabisa. Nilishangaa sana: herufi moja tu, na ndiyo iliyonitenga mimi na watu wa meza ile!

"Mbona mdogo wako yule hunywa mgando tu?" nikamuuliza. Nilikuwa nimemwona kijana wa miaka kama kumi na saba akikikwepa kikombe.

Hapo mwalimu akachangamka. Kila mzazi ana kromosomu jozi 23. Katika meiosisi, yaani mgawanyiko unaotengeneza mbegu na mayai, jozi hukaa pamoja kama doti ya kanga, zikabadilishana vipande, pindo la hii likashonwa kwenye ile. Kisha zinatengana, na mtoto hupata moja tu ya kila jozi. Hata bila kubadilishana vipande, mzazi mmoja anaweza kutoa michanganyiko 8,388,608. Baba na mama wakiwa na nakala moja moja ya herufi ile, wote wawili hunywa maziwa bila shida, lakini kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuikosa kabisa.

"Labda huyu aliikosa," mwalimu akasema. "Hatujampima."

Mama akaleta kibuyu cha mgando, ambao bakteria wameshakula sehemu ya sukari yake. Nikakaa na yule kijana, tukanywa vikombe viwili viwili, na safari hii tumbo likatulia. Kisha tukaondoka wote kwenda sokoni.